Homa ya Mgonjwa wa Kumi na Nane

3 Februari

Shikamoo Shangazi,

Kijibarua chako kimefika jana. Maneno kumi tu, nimeyahesabu: "Wamenikubali. Nimehamia nyumba ya wagonjwa. Leta maneno, mimi sauti sina."

Maneno ninayo, ndiyo mali pekee niliyojaliwa. Tangu ule uvimbe wa pafuni ukubane hadi sauti ikakauka na simu ikawa haina maana kati yetu, nimekuwa nikizungumza nawe kichwani. Humo kichwani unanijibu kwa ukali kuliko miaka yote niliyolala nyuma ya cherehani yako.

Yapo mambo mawili ya kushika. La kwanza, usimwambie mtu yeyote hapo kwamba mtoto wa kaka yako anafanya kazi katika maabara inayotengeneza dawa wanayokuchoma. Nilitia saini karatasi inayosema sina ndugu katika jaribio hili. Nilipotia saini ulikuwa hujakubaliwa, kwa hiyo siku ile haukuwa uongo. Umekuwa uongo baadaye, wenyewe, kama maziwa yanavyochacha yakiachwa mezani.

La pili, wamekupa namba. Usinitajie. Taarifa za wagonjwa hupita mezani kwetu kila Ijumaa, namba tupu bila majina, na sitaki kujua ipi ni wewe. Nikijua, nitasoma mstari mmoja tu na kuwasahau wengine wote.

Uliuliza siku ile, kwa kuandika nyuma ya risiti, dawa yenyewe ni nini. Ni protini tunayoitoa kwa bakteria. Bakteria wenyewe hawamo, usiogope; tumechukua kipande cha mkia wao tu. Mwilini mna askari, chembechembe zinazokula kila kigeni. Tatizo la saratani ni kwamba si ngeni. Imeota kwako, imevaa nguo zako, askari wanaipita wakiisalimia. Kikulacho ki nguoni mwako. Ila askari hao hao wanamjua bakteria tangu dunia iumbwe, na wakiona mkia wake tu wanaruka. Kwa hiyo tunauweka ule mkia karibu na uvimbe, wao wanaamka kumtafuta mwizi, na wakiwa macho ndipo wanapomwona yule mwingine aliyekuwa amekaa sebuleni siku zote.

Wakiamka, mwili hupata joto. Ukiona homa siku ya kwanza au ya pili, usishtuke. Ni dalili kwamba wamesikia.

Kula hata kama hutaki.

Mwanao,
yule unayemwita Bi Hadubini


12 Februari

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma kwa miwani na bila miwani. Kwa hiyo nimekaribisha mkia wa bakteria kifuani. Baba yako angekuwa hai angesema nimekosa mume nikaolewa na kidudu.

Chumba kina vitanda viwili na dirisha linalotazama uwanja wa kufulia. Asubuhi wanaanika mashuka mpaka huoni ukuta. Nimeshawarekebishia vifungo vya mashati yao ya wagonjwa, maana vilishonwa na mtu mwenye hasira. Sindano ya kwanza walinichoma Alhamisi. Kisha nesi mrefu, mpole lakini anatembea kama anafukuzwa, alinipa daftari na kipimajoto. Kila mgonjwa anajipima mwenyewe mara tatu kwa siku na kuandika. Yeye hupita Jumamosi kulipiga picha daftari na kuituma huko kwenu.

Kitanda cha pili alikuwapo mwanamke niliyempa jina la Mama Redio. Siku ya kwanza aliniambia, "Dada, wewe huna sauti na mimi sina breki, Mungu katupanga vizuri." Aliongea mpaka akiwa anapiga mswaki. Ijumaa akapata homa, 39.6, akaiandika kwa herufi kubwa kama mtu aliyefaulu mtihani. Akaniambia, "Si wamesema ni dalili nzuri?" Jumamosi nesi alisoma daftari, akatoka, akarudi na machela. Mama Redio aliondoka akimsimulia msukuma machela habari za mkwe wake.

Jumapili walikuja kutandua kitanda. Nikamwuliza nesi kwa mnong'ono, "Yuko wapi mwenzangu?" Akasema, "Ametolewa kwenye jaribio, Bibi." Nikauliza, "Anaendeleaje?" Akakunja shuka mara nne, akasema, "Ametolewa kwenye jaribio."

Mimi? Mimi sijambo. 37.2, nimepoa kama chai iliyosahauliwa. Usiwe na wasiwasi.

Shangazi yako


17 Februari

Shikamoo Shangazi,

Nasikitika kwa mwenzako. Siwezi kuuliza habari zake bila kueleza nilivyomjua.

37.2. Sitakuficha, nilitamani iwe zaidi. Ni jambo la ajabu kukaa mbali na mtu aliyekulea ukimwombea homa.

Watu wakisikia mimi ni mtafiti wanadhani navumbua. Kazi yangu ni kuosha. Tunawakuza bakteria katika chupa kubwa zinazotikiswa mchana kutwa, chumba kinanuka unga uliochachuka, kisha tunawapasua, tunawachuja, na mimi naosha ile protini mara tatu mpaka isibaki hata chembe ya ganda lao, kwa sababu ganda ni sumu. Mimi ni dobi wa kitu kisichoonekana. Lita ishirini za uchafu mwishoni zinatoa matone yasiyojaza kijiko. Mwenzangu wa meza ya pili husema tungekuwa tunakamua mawe tungepata zaidi.

Lakini jana, Shangazi, jana nilizungumza. Ulikuwa mkutano wa Ijumaa. Taarifa ya wiki ya kwanza ilikuwa ukutani na kulikuwa na wagonjwa wanne wasio na homa kabisa: wa tatu, wa tisa, wa kumi na nane na wa ishirini na mmoja. Wakubwa walitaka kusubiri. Sijui nilipata wapi miguu, nikasimama. Nikasema homa ndiyo sauti ya askari. Asiye na homa hatujamwamsha, tumegonga mlango wake kwa ncha ya kidole. Nikasema tukiendelea kumpa kiasi kile kile tunampotezea siku, na siku ndizo hana. Nikasema wasio na homa waongezewe dozi mara mbili tangu sindano ijayo.

Mkuu wetu ni mtu wa maneno machache. Akikubali jambo hukohoa. Alitazama ukuta muda mrefu, akakohoa.

Nilitoka nikaenda kusimama kwenye chumba cha majokofu, mlango nimeufunga, nikacheka peke yangu. Miaka mitatu pale, ndiyo mara ya kwanza wamenisikiliza. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kujua.

Mwanao


25 Februari

Mwanangu Bi Hadubini,

Hongera. Barua yako ilifika siku moja kabla ya sindano ya pili. Nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu niliisoma nimesimama. Umesimama mbele ya wakubwa na wakubwa wakakohoa! Nilikuwa nikisema, huyu mtoto anakaa chini ya meza ya kukatia anaongea na vifungo, atakuja kuongea na watu lini? Sasa umeongea.

Hapa hakuna jipya. Kwa baadhi yetu dozi imeongezwa, kama ulivyosema. Kwangu? Si wewe mwenyewe uliniambia nisikuambie mambo ya namba? Basi tulia.

Usijali mwandiko, meza inayumba. Nimevaa sweta mbili. Wenzangu wa vyumba vingine wanajipepea kwa madaftari, mimi nimejikunja kama paka wa jirani. Ni uzee tu. Nesi mrefu akipita navua moja.

Lakini sikiliza hili. Juzi nilimwita nesi naye akageuka. Amegeuka! Nilikuwa mlangoni, yeye mwisho wa korido. Sauti bado ina kutu, ila imefika. Nikarudi kitandani nikasema jina langu mwenyewe kwa sauti, mara mbili, kuhakikisha ni mimi.

Kuna jambo nauliza kwa udadisi wa kizee. Huko kwenu mkimwona mtu ana homa kubwa mnamfanya nini hasa? Na huyo akitolewa, anarudishwa?

Shangazi yako


8 Machi

Shikamoo Shangazi,

Sauti yako imerudi! Nilisoma mstari ule ndani ya basi nikapitiliza kituo.

Swali lako sasa. Joto likipita 39 hata mara moja, sindano zinasimamishwa na mgonjwa anatolewa. Anapewa vidonge vya kuwatuliza askari, kwa sababu askari wakipandwa na hasira kupita kiasi hawachagui. Wanaanza kulila pafu zima, penye uvimbe na pasipo uvimbe. Harudishwi. Vidonge vile vinawalaza tena, na uvimbe unabaki kufanya utakavyo. Sheria ni kali, lakini imeandikwa baada ya watu kufa.

Kwa nini unauliza?

Nina jambo linalonikosesha raha na hapa sina wa kumwambia. Picha za vifua zimefika. Mgonjwa wa kumi na nane, mmoja wa wale wanne wangu, uvimbe wake umepungua kutoka sentimita tano hadi tatu. Hatujawahi kuona kitu kama hicho. Mkuu ameibandika picha yake ukutani karibu na jokofu, na watu wanaipita wakiigusa kama hirizi. Na homa hana. Hata siku moja. Ameongezewa dozi mara mbili, bado hana. Mkuu amesema huyu ndiye ushahidi kwamba dozi kubwa ni salama, kwa hiyo kuanzia tarehe 21 wagonjwa wote wapya wataanzia hapo hapo kwenye dozi yake. Amelisema jina langu mbele ya wote. Wamenipigia makofi.

Nami nautazama mstari wa huyu mtu na siuamini. 37.2, 37.4, 37.3, 37.2. Mwili hauandiki hivyo, Shangazi. Mwili hupanda na kushuka, hukosea. Hizi namba zimepangwa na mtu nadhifu. Na askari wanaoweza kula sentimita mbili za uvimbe hawafanyi kazi hiyo kimya.

Nilisema sitaki kujua. Sasa nakuuliza: joto lako ni ngapi? Usinipe jibu la kunifurahisha.

Mwanao


13 Machi

Mwanangu,

Mimi ndiye wa kumi na nane.

Kaa chini kwanza, kisha endelea kusoma.

Nitakueleza kitu cha ufundi wetu ambacho sikuwahi kukufundisha, kwa sababu ulikuwa mtoto na watoto hupayuka. Mteja akisimama mbele ya kioo, na nyuma yake benchi zima la wanawake wanasubiri zamu, fundi mwenye adabu hasomi kiuno jinsi kilivyo. Mwenye 42 unamtajia 38, kwa sauti, na unaandika 38 akiona. Anatabasamu, benchi linanyamaza. Kisha pembeni ya namba unatia vidoti vidogo, kimoja kwa kila inchi uliyomsamehe, ili kesho ukishika mkasi ujue ukweli. Miaka thelathini na moja nimepima hivyo. Hakuna gauni lililobana na hakuna mwanamke aliyeaibika.

Ijumaa ile ya kwanza, Mama Redio alipoandika 39.6 yake, mimi kipimajoto changu kilisoma 39.2. Kalamu ilikuwa mkononi. Nikangoja kuona wao watafanya nini. Nilipoona machela, niliandika 37.2 na vidoti viwili pembeni. Mkono haukukubali kuandika uongo mtupu. Nesi alidhani kalamu inavuja, akaniletea nyingine.

Tangu hapo kila kidoti ni nyuzi moja. Baada ya sindano ya pili vidoti vilikuwa viwili, wakati mwingine vitatu. Baada ya hii ya tatu, ya tarehe 7, vitatu kila jioni kwa siku nne. 37.2 na vitatu. Jumlisha mwenyewe, wewe ndiye msomi.

Utaniuliza kwa nini sikusema ulipoandika kwamba wasio na homa waongezewe. Nilikuwa nimeshika barua yako. Ningeweza kumwita nesi siku hiyo hiyo. Lakini ulikuwa umecheka peke yako kwenye chumba cha majokofu, nami nikaona nikisema, nitakuwa nimeingia humo chumbani na kuzima taa. Hiyo ni sababu moja. Nyingine ni kwamba ninaogopa kufa, na hiyo ndiyo kubwa. Sikuandika ya kwanza ili nikupendeze. Naiandika kwa sababu ni kweli.

Najua utasema mficha maradhi kilio humfichua. Mimi ndiye niliyekufundisha. Lakini pima: nilikuja hapa siwezi kuita mtu aliye mbele yangu. Leo naongea. Uvimbe umekwenda nusu ya njia. Wakinitoa, vile vidonge vitawalaza askari wangu na huyu mgeni atanyoosha miguu tena sebuleni. Umeandika mwenyewe. Kwa hiyo nachagua. Nilikuwa nakufa taratibu kwa kufuata sheria, sasa napona kwa kuivunja.

Kupumua kumekuwa kazi kidogo, ngazi nazipanda kwa kituo. Kucha zimepata rangi kama ya zambarau iliyofifia, nadhani ni baridi.

Sindano ya nne ni Alhamisi, tarehe 21. Usiseme. Nimekuomba vitu vichache tangu nikuchukue mikononi mwa baba yako. Nakuomba hiki.

Shangazi yako


19 Machi

Mwanangu,

Jibu lako haliwezi kuwa limefika, najua. Naandika kwa sababu kulala chali siwezi, nikikaa ndipo pumzi inapita.

Kitanda cha pili kimepata mtu. Msichana, hajafika hata thelathini, ana mtoto amemwacha kwa mama mkwe. Anasuka nywele zake mwenyewe bila kioo na hazipindi hata moja. Nimempa jina Mistari. Hakuwahi kuvuta sigara, wala mumewe. Anauliza kila mtu imemwingiaje, kama kwamba mmoja wetu aliacha mlango wazi.

Jana alikuja kukaa ukingoni mwa kitanda changu.

"Bibi, nesi anasema nitaanzia dozi kubwa. Wewe si ndiyo unayopata?"

"Ndiyo."

"Inauma?"

"Kama sindano yoyote."

"Na homa? Mwenye chumba cha mwisho amesema watu wanaungua."

Daftari langu lilikuwa wazi pale kwenye kabati, vidoti na vyote. Nikalifunga. Nikamwambia, "Mimi sijapata homa."

Akashusha pumzi, akanishika mkono. Kisha akauangalia ule mkono. "Bibi, mbona unawaka hivi?" Nikasema ni chai, nilikuwa nimeshika kikombe.

Hakukuwa na kikombe, mwanangu.

Ulipoandika kwamba wapya wataanzia kwenye dozi yangu niliyasoma maneno yale haraka haraka, kama unavyopita mahali penye mbwa. Sasa mbwa ana nywele za kusuka na anakoroma kitanda cha pili.

Nimefikiria. Nitasema. Nitawaambia mwenyewe, nikiwaonyesha vidoti, ili isionekane nimeshikwa. Ila nitasema Alhamisi, mara tu nikishachomwa hii ya nne. Mistari atachomwa saa moja baada yangu, nitawahi. Moja tu. Ikipungua sentimita moja nyingine, hata wakinitoa nitakuwa nimeondoka na kitu mkononi.

Usifanye lolote kabla ya hapo.

Shangazi yako


20 Machi

Kwa Mkuu wa Utafiti,

Naandika badala ya kuja mlangoni kwako kwa sababu nikija nitaanza kujitetea.

Mgonjwa wa kumi na nane ni shangazi yangu, dada ya marehemu baba yangu, ndiye aliyenilea. Nilijua yumo katika jaribio tangu mwanzo na sikusema. Namba yake nimeijua tarehe 17, Jumapili, alipoiandika mwenyewe katika barua niliyoambatisha hapa.

Amekuwa na homa tangu sindano ya kwanza. Fungua picha za daftari lake, usitazame namba zilizonakiliwa kwenye taarifa yetu. Pembeni mwa kila namba kuna vidoti vya kalamu. Kila kidoti ni nyuzi moja ya kuongeza. Baada ya sindano ya tatu alifika 40.2 jioni nne mfululizo. Anaishiwa pumzi na kucha zinabadilika rangi. Yeye anadhani ni baridi. Wewe na mimi tunajua ni nini.

Hakuna ushahidi wowote kwamba dozi kubwa ni salama. Ulitokana na mstari mmoja, na mstari huo si wa kweli. Wagonjwa wapya wasichomwe kesho kwa dozi hiyo. Wa tatu, wa tisa na wa ishirini na mmoja wapimwe upya na nesi, si kwa madaftari yao.

Pendekezo la kuongeza dozi lilikuwa langu. Nililitoa kwa sababu nilikuwa na hakika, na hakika yangu niliiosha vibaya.

Barua hii ilipaswa kukufikia Jumapili. Nimekaa na ile ya shangazi siku tatu. Nilikuja kazini, nikaosha protini, nikapima, nikaandika. Siku hizo tatu hazina maelezo mengine isipokuwa kwamba aliniomba, na kwamba ile picha ukutani nilipenda iwe ya kweli.

Naacha barua hii mezani kwako saa nne asubuhi na kwenda kumpigia simu nesi wa zamu. Nitajitambulisha.

Mfanyakazi wako wa meza ya kuoshea


20 Machi, saa sita

Shangazi,

Nimesema.

Barua hii itafika Jumapili na wewe utakuwa umeshajua kwa njia nyingine, mbaya zaidi, kwa sura ya nesi. Nilimpigia. Kwanza hakunielewa, akadhani nauliza kuhusu kalamu inayovuja. Kisha akaelewa. Nilisikia viatu vyake vikianza kukimbia, na simu akaiacha wazi mezani. Nimeisikiliza dakika ishirini. Nilisikia mlango, maji ya bomba, mtu akicheka mbali. Sikusikia sauti yako, na sasa sijui kama ni kwa sababu ulikaa kimya au imekwenda tena.

Ulinilazimisha kuchagua kati ya kukutii na kukuweka hai, na hukuniuliza kama naweza kubeba. Nimechagua. Siombi unisamehe. Naomba uvute ile hewa watakayokupa, uivute yote.

Mkuu ameing'oa picha ukutani. Hakukohoa. Amenitaka nirudishe koti na ufunguo wa chumba cha majokofu.

Mwanao


28 Machi

Wewe,

Naandika kidogo kidogo. Nina bomba la hewa puani na nesi ananipa nusu saa ya kalamu kwa siku, kwa hiyo barua hii ina siku nne.

Nesi alifika Jumatano nikiwa nashona kifungo. Alichukua daftari, akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha, akawa anahesabu vidoti kwa kidole, midomo inacheza. Kisha akakaa kitandani kwangu, yule asiyekaa, akasema, "Bibi, nilikuletea kalamu mpya." Ndiyo tu aliyoyasema. Afadhali angenipiga.

Sindano yangu ilikuwa imeshatayarishwa kwa ajili ya Alhamisi, kwenye trei, na karatasi yenye namba. Aliimwaga kwenye sinki mbele yangu, akafungua bomba. Nimelia kwa ajili ya nguo nyingi zilizoharibika maishani lakini sijawahi kulia kwa ajili ya maji ya sinki.

Daktari amesema ile ya nne ingeniua kabla ya Jumamosi. Amesema kama mtu anayetaja bei. Mimi nilikuwa nikihesabu sentimita.

Sasa nameza vidonge. Homa imekwisha. Nalala. Sauti imeanza kupungua tena, asubuhi nimeita na hakuna aliyegeuka. Picha ya kifua ni baada ya miezi miwili, na sitaki kuongea habari zake.

Usije kwanza. Nimekukasirikia kwa haki na bila haki, na bado sijatenganisha. Siku tatu ulikaa nazo. Nimezisoma katika nakala ya barua yako kwa Mkuu waliyonionyesha. Siku tatu hizo ndizo ninazokupendea zaidi, na ndizo ningekuchapia.

Mistari walimpa dozi ndogo, ile ya mwanzo. Alikaa vizuri wiki nzima, akasuka na nywele zangu. Leo asubuhi alijipima, akakitazama kipimajoto, akaja nacho kwangu amekishika kwa vidole viwili kama kitu cha moto. 39.1.

Akauliza, "Bibi, niandike ngapi?"

Chumbani tulikuwa wawili tu. Mashuka yalikuwa yameshaanikwa nje, hakuna aliyetuona. Anajua niliyoyafanya, wote hapa wanajua. Anajua pia kwamba uvimbe wangu ulipungua.

Nikamwambia, "Andika iliyosomeka."

Akaandika. Nesi amekuja kumchukua kabla wino haujakauka. Alipofika mlangoni aligeuka, na hakumtazama nesi. Alinitazama mimi.

Shangazi yako